Siku Kumi na Nne

14 Januari

Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Mimi mzima, mgongo tu.

Hema limekwisha. Nimelishona mwenyewe kwa turubai la lile lori lililopinduka karibu na mzani, kwa sindano ya viatu, kwa hiyo usitegemee uzuri. Nililisimamisha nyuma ya karakana, nikamfungia ndani kuku wa jirani, nikamwaga juu ndoo sita za maji. Kuku alitoka mkavu, ila tangu siku hiyo akiniona anageuza njia.

Masanduku ya bati nayo nimeyachomelea, mawili yako, mawili yangu. Yako nimeyapaka rangi ya ubao wa darasa ili usijione mgeni. Ndani yatakaa jiko la mafuta, birika, sufuria mbili, tyubu za akiba, pampu na kopo la plagi. Kazi yangu ndiyo hiyo, imekwisha. Imebaki yako. Mimi najua pikipiki, wewe unajua dunia. Niandikie njia.

Siku kumi na nne, kama tulivyosema siku ile unapakia vyombo vyako kwenye lori la kuhamia huko. Tano za kwenda, tano za kurudi, nne za kukaa kando ya mito yako. Miaka ishirini na miwili umewachorea watoto wa watu mito hiyo kwa chaki, mmoja mwekundu kwa matope, mmoja mweusi kama chai kavu, inakutana halafu inakwenda bega kwa bega bila kuchanganyika, kama mke na mume waliogombana kabla ya kwenda harusini. Nimechoka kuisikia. Nataka kuiona kwa macho yangu, tena katika nchi ya watu, ambako hakuna mteja atakayeniita fundi nikiwa nakunywa chai.

Najua utaniambia kuna simu. Simu ni ya kuulizana hali. Njia haichoreki kwenye simu. Halafu wewe siku hizi hupokei.

Mimi wako wa dawati moja,
Spana

2 Februari

Ndugu yangu Spana,

Barua yako nimeisomea shemeji yako kwa sauti, na kwa habari ya kuku amecheka mpaka akaacha kula. Anakusalimu. Amepata kazi kwenye dobi kubwa, anafua na kupiga pasi mashuka kutwa, anasema mikono yake imekuwa ya bibi yake.

Njia nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Kituo cha kwanza ni msitu wa misonobari, mwendo wa saa moja baada ya forodha. Ni msitu wa serikali, lakini wapita njia wanaruhusiwa kulala wakiomba kwa mlinzi. Kituo cha pili ni uwanda wa juu. Huko upepo ni mkali, hema tutalikinga nyuma ya mawe. Cha tatu ni mji wa wilaya, penye mafuta na duka la vipuri. Baada ya hapo barabara inafika ukingoni, inateremka bondeni kwa kona thelathini na moja, na chini kabisa ndiko kwenye makutano ya mito. Twende Agosti, maji yakiwa yametulia. Mvua za kule huchelewa kuisha, na wakati wa mvua mito yote miwili hujaa matope ikawa rangi moja.

Jambo moja. Siku kumi na nne ni nyingi kwa upande wangu. Mkuu wa shule wa hapa ni mgumu kwa ruhusa hata wakati wa likizo. Nimepiga hesabu, tisa zinatosha bila kukimbizana.

Kuhusu chakula: ndizi usibebe kwa ajili yangu, wala maharage. Tumbo limebadilika ukubwani. Na maji yangu lita moja kwa siku inatosha.

Ndugu yako,
Mwalimu

20 Februari

Mwalimu,

Ramani nimeibandika ukutani juu ya meza ya vipuri. Wateja wanauliza ni ya nini, nami ninawaeleza mpaka wanasahau walichokuja kutengeneza. Dereva mmoja wa lori anayepita kule kila mwezi ameapa kwamba kona ni thelathini na tatu. Nimemwambia aliyesema thelathini na moja amesoma.

Tisa si mbaya. Tutapunguza kulala, tuongeze mwendo.

Lakini nieleze kitu. Kila kituo umekiwekea msalaba mdogo mwekundu, na pembeni umeandika hospitali iko umbali gani. Ndugu yangu, unakwenda kutembea au kujifungua? Na lita moja ya maji! Hata ngamia akikusikia ataomba kuhamia kwako akajifunze.

Pikipiki yako inasemaje? Usiiache imekaa tu. Pikipiki ni kama goti, usipolikunja linakataa. Iwashe kila asubuhi, uizungushe hata mtaa mmoja. Plagi nimekutumia ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kitambaa.

Mimi sina wa kuniuliza ninakwenda wapi, unajua. Tangu mama watoto aondoke, nyumba hii inanijibu kwa mwangwi. Usishangae basi nikiisema safari hii kila siku.

Spana

17 Machi

Ndugu yangu Spana,

Nisamehe kwa kukawia, na kwa mwandiko. Nina jeraha dogo mkono wa kushoto, karatasi inateleza na sina wa kuishika.

Plagi imefika. Pikipiki inawaka.

Nimeifikiria upya safari yetu. Je, tukienda siku tatu? Nitoke hapa Jumanne jioni, nilale kwako, Jumatano tuvuke, na Ijumaa asubuhi niwe nimerudi huku. Nina shughuli Jumanne na nina shughuli Ijumaa, ni za kila wiki, na hazina mtu wa kunishikia. Makutano hatutayafikia, lakini uwanda wa juu tutauona, na wanasema ukisimama pale asubuhi unaona mawingu chini ya miguu yako.

Najua si tuliyoyasema. Nivumilie.

Mwalimu

30 Machi

Mwalimu,

Kumi na nne, tisa, tatu. Hata asiyekwenda shule anaona hesabu hii inaelekea wapi.

Ijumaa kuna nini? Nimekaa nikafikiri. Shule Ijumaa ni kama siku nyingine. Kuabudu, wewe mvivu tangu utoto. Nimebaki na jibu moja: umepata mke mdogo huko mjini, na zamu yake ni Jumanne na Ijumaa. Kama ndivyo niambie, nitakutunzia siri, nami nitajua nimeshindwa na kitu cha maana. Kama sivyo, basi nieleze, maana hapa kila mtu ananiuliza, fundi, mnaondoka lini, na nimeanza kupita njia ya nyuma nikienda dukani.

Masanduku yako yameanza kushika kutu kwenye pembe. Nimeyapaka rangi tena.

Spana

22 Aprili

Ndugu yangu,

Hakuna mke mdogo. Huyu mmoja ananitosha, na pengine mimi simtoshi.

Sikiliza, tufanye hivi. Usiku mmoja. Tuvuke mpaka, tulale kwenye misonobari, tuamke, tunywe chai, turudi. Ni nchi ya kigeni vilevile. Tutakuwa tumegongewa mihuri, tumelala kwenye hema lako, tumesikia watu wakisalimiana kwa lugha nyingine. Mito haiendi popote, Spana. Mwaka mwingine upo.

Usinielewe vibaya.

Mwalimu

3 Mei

Mwalimu,

Nimekuelewa vizuri sana.

Mtu anayepunguza safari yake kila mwezi ni kama anayekata mkeka huku akitafuta pa kulala. Mwisho utaniambia tusimame kwenye forodha tuwapungie mkono walio upande wa pili. Mwaka mwingine upo, unasema. Miaka ishirini na miwili imekuwa ikipita ikikusubiri!

Ngoja nikuambie ninachokiona. Tulikalia dawati moja. Baba yangu alipokufa mimi niliishia darasa la saba nikashika spana, wewe ukaendelea. Sikukuonea wivu hata siku moja. Nilisema, mwenzangu anasoma, siku moja tutakwenda pamoja, yeye atanionyesha na mimi nitamfikisha. Kumbe wewe ni mtu wa chaki. Unachora usichothubutu kukiendea. Umewafundisha watoto elfu moja dunia ambayo wewe mwenyewe unaiogopa, na sasa umehamia mjini, unalala karibu na taa, unakunywa maji kwa kipimo kama mgonjwa, na unatafuta Ijumaa ya kujifichia.

Kama umeogopa, sema umeogopa. Hilo ningeweza kulibeba.

Mimi ninakwenda. Tena sitangoja Agosti yako. Tarehe kumi na mbili Juni navuka mpaka, uwepo usiwepo. Mito hiyo nitaiona mimi, mtu wa darasa la saba, na nikirudi sitakusimulia. Utaendelea kuichora hivyohivyo, na kila ukiichora utajua kuna mtu anajua na hakuambii.

Fundi

25 Mei

Spana,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa mahali ambapo mtu hainuki kwa saa nne, kwa hiyo nimeisoma mara nyingi. Mahali pamoja umesema kweli. Kwingine umekosea, lakini sina haja ya kukuonyesha ni wapi.

Siku kumi na nne, kama tulivyosema. Nitafika kwako Jumatano hiyo tarehe kumi na mbili, mapema. Tuvuke siku hiyohiyo, tusilale kwako.

Ndizi usibebe.

Mwalimu

31 Mei

Mwalimu wangu,

Nimeisoma nikiwa chini ya gari la mtu, nikainuka nikagonga kichwa, na hata sikutukana.

Yale niliyoandika yalikuwa ya hasira. Mkono ulitangulia, akili ikaja nyuma inachechemea. Tutayamaliza njiani, au tusiyamalize, tucheke tu. Nimebadilisha mnyororo wangu, nimekaza spoki, nimemuaga kila mtu wa mtaa huu mara mbili. Birika ni jipya.

Njoo. Hutajuta.

Spana

9 Julai

Shemeji,

Wiki ya tatu inakwenda tangu tumzike. Siku ile nilikuona umesimama kando ya ukuta, kofia mkononi, halafu nilipogeuka hukuwepo. Nilitaka kukuambia jambo, na sasa naona ni afadhali nikuandikie, maana nyinyi wawili ndiyo njia mliyoizoea.

Ndugu yako alikuwa mgonjwa. Figo zake zilikwisha mwaka juzi. Hakuhamishwa huku, aliomba mwenyewe, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu iko hapa. Jumanne na Ijumaa, saa nne kila mara, sindano mbili mkononi. Kufundisha aliacha tangu Februari. Hakukuwa na mkuu wa shule wa kumnyima ruhusa. Dobi ninalofanyia kazi ni la hospitali hiyo. Nililitafuta ili niwe karibu naye.

Aliniapisha nisikuambie. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Huyo ndiye mtu pekee anayeniandikia kama mzima. Usinigeuzie awe mgeni wa wodini." Ulipoandika yale ya mke mdogo alicheka, akasema umekaribia, mke wake mdogo ana waya na mipira. Mimi sikucheka. Nilikuandikia barua ya kukueleza kila kitu, nikaikunja, nikaiweka chini ya mashuka. Sikuituma. Hilo ni langu, nitalijibu mimi.

Barua yako ya tarehe tatu Mei nimeikuta kwenye mfuko wa ndani wa koti walilomrudisha nalo. Imekunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika. Sitakuficha, siku niliyoikuta ningekuona ningekufukuza kwa ufagio. Baadaye nikajiambia, huyu hakujua. Angejua asingeandika. Angejua asingempeleka kokote.

Mimi aliniambia ni siku mbili. Anakwenda kwako, mtalala usiku mmoja kwenye misonobari, Alhamisi jioni yuko nyumbani. Nilimwona uso umechangamka kama zamani, nikamfungia mkate, nikamruhusu. Ijumaa muuguzi alinifuata kule kwenye mashuka, akaniuliza mbona kitanda cha mwalimu kitupu. Nikamjibu yuko njiani. Nilisema hivyo nikaendelea kupiga pasi. Jumamosi nikasema pikipiki imewaharibikia.

Karatasi ya polisi wa kule inasema alianguka ghafla na mwenzake hakuwa na habari ya ugonjwa wowote. Hiyo imeandikwa na mtu nisiyemjua, kwa lugha niliyosomewa. Nakuomba kitu kimoja tu, shemeji. Niandikie wewe, kwa mkono wako, mstari mmoja: kwamba hukujua, na kwamba ilikuwa ghafla. Niuweke pamoja na barua zake. Nikipata huo nitaweza kulala.

Wala usijilaumu. Asiyejua hana kosa.

Shemeji yako

28 Julai

Shemeji,

Mstari ulioutaka nimeuandika mara nne, na mara zote nne nimeuchana. Polisi waliandika nilichowaambia mimi. Si kweli. Nilijua.

Sikujua mwanzoni. Alipofika Jumatano nilimwona amekonda, koti limemwelemea, nikamtania kwamba mjini hamli. Alikuwa na haraka. Kila nikitaka kusimama anasema twende, twende bado mapema. Njia ya siku tano tulikuwa tunaila kwa siku nne. Mimi mjinga nikadhani ni furaha. Alhamisi tulilala uwandani, Ijumaa tukapita mji wa wilaya, nikataka tubaki, akakataa. Tulipiga hema ukingoni kabisa, juu ya bonde.

Jumamosi asubuhi niliwasha jiko, nikamwita chai. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu vimelala mapajani. Havikuingia. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vidole vimepotea. Nikamwambia avikate mbele kama ndala. Hakucheka. Akakunja mkono wa shati, akaniambia nimshike hapa. Shemeji, wewe unaujua mkono ule. Mshipa mnene kama kamba, na ndani yake kunatetemeka, kama injini ambayo mtu ameiacha inanguruma. Akanieleza yote, Jumanne, Ijumaa, maji ya kipimo, ndizi alizokatazwa. Aliniambia ameruka siku moja ya mashine na siku ya pili inakuja.

Nilisema, "Tunarudi. Sasa hivi."

Akanijibu kwa utaratibu, kama yuko darasani, kwamba mji wa wilaya uko nusu siku nyuma, wana gari la wagonjwa, na wangeweza kumfikisha kwenye mashine. Na mito iko saa nne mbele. Halafu akasema, "Nikirudi leo nitapona ya leo. Kupanda tena pikipiki, hapana. Wewe ulisema hutanisimulia."

Hakulisema kwa ubaya. Afadhali angelisema kwa ubaya.

Sasa sikia nisichowaambia polisi. Funguo za pikipiki zote mbili zilikuwa mfukoni mwangu, nilizichukua usiku kwa usalama. Angefanya nini? Hakuweza hata kuvaa viatu. Ningemweka nyuma yangu kama mzigo, angenilaumu, angeninunia mwaka mzima, na angekuwa hai. Nilikaa muda wa birika kuchemka. Nilijiambia ni haki yake. Nilijiambia nimemtukana, nina deni naye. Na chini ya yote hayo, shemeji, nami nilitaka kuiona. Nilikuwa nimefika saa nne karibu na kitu nilichokisema maisha yangu yote, na sikutaka kugeuka. Nikamfunga miguu kwa vipande vya blanketi, nikampa ufunguo wake. Nikasema twende.

Tulifika saa nane mchana. Mito yote miwili ilikuwa myekundu. Mvua zilikuwa bado juu huko, matope yamejaa, na pale inapokutana hakuna mstari wala nini, ni maji ya tope tu yanakwenda, na magogo. Mtu mmoja alikuwa anaosha baiskeli. Kwa ishara na maneno mawili matatu akatuambia turudi mwezi wa nane. Mwalimu alitazama muda mrefu. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua, ila Agosti ilikuwa mbali. Tarehe ya Juni, unakumbuka, niliichagua mimi, kwa kumkomoa.

Jumapili asubuhi hakuweza kupumua akilala wala akikaa. Pikipiki yake niliiacha palepale. Nilimpakia nyuma yangu, nikamfunga kwangu kwa kamba za hema, kifua chake mgongoni pangu. Tukaanza kupanda zile kona. Alikuwa anazihesabu, taratibu, sikioni kwangu. Alifika kumi na tisa. Ya ishirini sikuisikia, nikadhani upepo. Ya ishirini na moja pia. Sikusimama kutazama. Nilijua, na nikiwa sijatazama nilikuwa bado ninampeleka hospitali. Nilikwenda hivyo mpaka mji wa wilaya, mwendo wa mchana mzima, na waliomfungua kamba ni wauguzi, si mimi.

Umeniambia asiyejua hana kosa. Nimeshindwa kuishi ndani ya neno hilo. Karakana nimeifunga. Sikuombi unisamehe, nimekuandikia tu ili usije ukampa shukrani mtu asiyestahili.

Fundi

15 Agosti

Fundi,

Nilikuomba mstari mmoja. Umeniletea kurasa nne.

Unasema umeshindwa kuishi ndani ya neno langu. Mimi ndimo nilimokuwa ninaishi. Nilikuwa na mume aliyekwenda kutembea na rafiki asiyejua, akaanguka. Sasa nina mume aliyekaa juu ya jiwe asubuhi, viatu mapajani, akapima nusu siku kwa saa nne, akachagua. Mzigo umeutua wewe, nimetwikwa mimi, na sina wa kumwandikia.

Hasira ya funguo sina. Labda itakuja. Kazini wamenihamishia upande wa kukunja, kwa sababu ninaunguza mashuka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, neno kwa neno, nikitafuta mahali aliponitaja. Asubuhi ile, au mtoni, au njiani akihesabu. Sikupaona. Usiniandikie kunijibu hilo, hata kama lipo ulilolisahau. Ukiniambia leo kwamba alinitaja, sitajua kama ni kweli au umenihurumia.

Mke wa Mwalimu